Uzamili wa elimu maalum: kabla hujalipa ada, swali lako ni lipi?

Mwalimu wa Yuniti (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi tangu Desemba, na kila nikikaa kuuandika ama stima inapotea ama mtoto anaamka. Leo kumetulia.

Nafundisha yuniti, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, katika shule ya msingi ya umma hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Yuniti yetu ni chumba kimoja mwisho wa uwanja, karibu na tangi la maji. Watoto ni 19: wengi wana ulemavu wa akili, watano wana usonji, wawili wana mtindio wa ubongo. Walimu tuko wawili, na mama mmoja msaidizi ambaye bila yeye darasa hilo lingefungwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Nilianza na P1, cheti cha ualimu wa msingi, nikasoma diploma KISE, chuo cha taifa cha elimu maalum pale Kasarani, kwa mtindo wa likizo, nikaongeza digrii, na mwaka jana nikavaa joho la uzamili. Kozi iliyoandikwa miaka miwili ilinila minne. Pesa zilipita laki tatu, na mkopo wa sacco bado unakatwa kwenye mshahara.

Kila wiki kuna mwalimu ananiuliza inboksi: nifanye au nisifanye? Jibu langu ni hili. Kama kuna jambo darasani kwako linalokunyima usingizi, na umejaribu ulichojua likakushinda, nenda. Kama huna, ngoja. Usipongoja utaishia kusambaza hojaji kwa walimu wakuu kuhusu "mambo yanayoathiri" kitu fulani, na miaka mitatu itapita bila wewe kumgusa mtoto hata mmoja. Nimekaa maktaba nikasoma tasnifu za fani yetu rafu nzima. Zote zinaanza na Salamanca 1994, lile tamko la elimu jumuishi, zote zinamalizia kwa kupendekeza serikali iongeze fedha. Watoto wenyewe wanatajwa kama hali ya hewa.

Haya, pesa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Zamani ukipeleka cheti kipya TSC, tume inayoajiri walimu, cheo kilikuwa kinasogea. Siku hizo zimepita. Chini ya miongozo ya kupanda vyeo ya 2018, nafasi inatangazwa, unaomba, unahojiwa. Uzamili unaweza kukusaidia mbele ya jopo, lakini haukupandishi wenyewe. Anayetaka kufundisha chuo kikuu ajue uzamili ni kituo cha kubadilishia matatu tu, safari inaendelea hadi uzamivu.

Ulizeni.

Kijana wa Githurai

Madam, heshima zako. Nina digrii ya elimu maalum tangu 2021 na TSC haijaniita. Nafundisha kwa mkataba wa bodi ya shule, 12,000 kwa mwezi, na mwezi huu hata hiyo haijaingia. Rafiki yangu ananiambia nisome uzamili nikiwa nasubiri, eti nikimaliza nitakuwa mbele ya foleni. Ni kweli?

Mwalimu wa Yuniti

Mdogo wangu, hapana. Foleni ya TSC haiulizi uzamili kwa mwalimu wa shule. Utakopa, utamaliza, utarudi palepale ukiwa na deni.

Ukitaka kitu cha kukuongezea uzito leo, jifunze Lugha ya Ishara ya Kenya hadi uanze kuiota. Katiba ya 2010 imeitaja kuwa lugha ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, lakini nenda yuniti za viziwi uone walimu wenye digrii wanaojua salamu, namba na "kaa chini". Au nukta nundu, maandishi ya vipofu: nukta sita tu, lakini kuisoma kwa kasi ya mtoto ni kazi ya miezi. Chuo kitakufundisha historia ya Louis Braille bila kukuuliza kama unaweza kusoma shajara ya mwanafunzi wako.

Fundi wa Tasnifu

Pendekezo, tasnifu, takwimu kwa SPSS, ufanano wa Turnitin chini ya asilimia 15. Bei ya kirafiki kwa walimu. Njoo inboksi.

Mwalimu wa Yuniti

Wewe ondoka kwenye uzi wangu.

Mtu wa Takwimu

Angalau yeye SPSS anaijua 😂

Babu Chaki

Nimestaafu, lakini wajukuu wamenipa simu, basi niseme.

Nilianza kufundisha viziwi miaka ya sabini. Amri ilikuwa tufundishe kwa midomo: mtoto atazame mdomo wako, aige sauti asiyoisikia. Akitumia mikono, anachapwa mikono. Nami nilichapa, sitaficha. Usiku taa za bweni zikizimwa, watoto walikuwa wanajikusanya chini ya dirisha moja lililopata mwanga wa taa ya mlinzi, wanaongea kwa mikono hadi usiku wa manane. Nilikuwa nikipita zamu naona vivuli vya vidole ukutani. Nilijua hapo dirishani watoto wanazungumza mambo makubwa kuliko niliyowafundisha mchana, na asubuhi bado nilibeba fimbo.

Mwaka 1984 vikaja vituo vya tathmini ya watoto wenye ulemavu, EARC, kwa msaada wa watu wa Denmark. Mwaka 1986 KISE ikaanzishwa. Mambo yakabadilika polepole, ishara zikaruhusiwa. Sasa Mwalimu wa Yuniti, nakuunga mkono kwa mengi, lakini hapa nakupinga. Hatukuacha fimbo kwa sababu tulipata huruma. Tuliacha kwa sababu kuna watu walisoma, wakapima, wakaandika kwamba njia ya midomo inawaacha watoto wengi bila lugha yoyote. Karatasi hizo ziliandikwa na watu wa vyuo, na huenda baadhi yao walikuwa na hojaji. Usimkatishe kijana tamaa ya kusoma.

Mwalimu wa Yuniti

Mzee, nimepokea. Sikatai kusoma. Nakataa kusoma mbali na mtoto. Waliobadilisha hayo walimtazama mtoto mikononi, hawakumuuliza mwalimu mkuu anaonaje.

Macho ya Vidole

Naandika kwa simu inayonisomea, mkiona kosa la herufi mlaumuni yeye.

Mimi ni kipofu, nafundisha historia sekondari ya kawaida, na niko mwaka wa pili wa uzamili. Somo langu linaitwa, nanukuu ratiba, Elimu ya Wanafunzi Wenye Ulemavu wa Kuona. Muhula wa kwanza mhadhiri alitutumia makala 14. Nikafungua ya kwanza, programu yangu ikasema: "Ukurasa tupu." Ya pili: "Ukurasa tupu." Mtu alikuwa ameviweka vitabu kwenye mashine ya kunakili na kutuma picha. Makala 11 kati ya 14 zilikuwa picha. Darasa la kujadili namna ya kumfikia mwanafunzi kipofu, na mwanafunzi kipofu amekaa nje ya karatasi.

Mwenzangu mmoja akajitolea. Tulikuwa tunapanda matatu moja ya Thika Road jioni, yeye ananisomea sura kwa sauti, mimi narekodi. Abiria walidhani ni mahubiri. Siku moja mama mmoja akasema "Amina" katikati ya nadharia ya ujifunzaji ya Vygotsky.

Kwa hiyo wewe mwenye ulemavu unayewaza uzamili, kabla ya kulipa ada uliza haya mdomo kwa mdomo na upate majibu kwa barua pepe: matini zitatoka kwa maandishi yanayosomeka au picha? Mtihani nitaufanyia kwenye kompyuta? Muda wa ziada ni dakika ngapi na nani anaidhinisha? Wakikuambia "tutaangalia ukifika", ujue hawajawahi kuangalia. Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa maandishi yanayofikika kwa vipofu bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki, basi asikwambie mtu kwamba sheria inamzuia. Kompyuta tumieni NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure na inatosha.

Wa Mbali

Kwa wanaowaza ng'ambo: uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, na Chevening, ufadhili wa serikali yao, inalipa ada na matumizi. Lakini inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Miaka ya kufundisha inahesabiwa, kwa hiyo walimu msijidharau. Tatizo ni kwamba mnasomea IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, za nchi ambayo mtoto mmoja ana mtaalamu wa kuongea, mtaalamu wa viungo na basi la kumfuata mlangoni. Ukirudi una watoto 19 na chaki.

Mwalimu wa Yuniti

Hata ukisomea hapahapa utakutana na hayo. IEP ilizaliwa na sheria ya Marekani ya 1975, na vitabu vyetu vingi bado vinazungumza kama kwamba sote tuko huko. Mimi IEP zangu 19 naziandika ukurasa mmoja kila moja, lengo moja la muhula. Mkaguzi mmoja alilalamika ni fupi. Nilimwomba aniambie lengo la mtoto yeyote katika zile ndefu alizozisifu shule nyingine. Hakukumbuka hata moja.

Mama Baraka

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mwanangu ana miaka 13, ana usonji, haongei. Nimesoma huu uzi kimya hadi nikachoka kunyamaza.

Nimejaza fomu za wanafunzi wa vyuo mara saba. "Kwa kiwango cha 1 hadi 5, unaridhika kiasi gani na ushirikishwaji." Mmoja aliniuliza mapato yangu ya mwezi kabla hajaniuliza jina la mtoto. Mwingine alipiga picha mwanangu akiwa anakula, akasema ni kwa ajili ya kiambatisho. Wote walisema utafiti huu utawasaidia watoto kama wako. Hakuna aliyerudi. Sijui kama walihitimu, sijui walipata nini, sijui ile picha iko wapi. Sasa nyinyi walimu mnajadili cheo na ada. Sisi tunalipwa nini?

Mwalimu wa Yuniti

Mama Baraka, hapo umenigusa penyewe. Ngoja nieleze yangu, kisha wewe useme kama nilirudi.

Darasani kwangu kuna kijana, wakati huo ana miaka 11, haongei. Akitaka kitu anashika mkono wa mtu na kumvuta. Asipoeleweka anajigonga kichwa ukutani. Swali langu lilikuwa hilo tu: nikimfundisha kuomba kwa kadi za picha, kujigonga kutapungua? Njia yenyewe si yangu, ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Mtoto anakuwekea kadi mkononi, wewe unampa kilichochorwa. Siri yake iko kwenye kule kukupa: lazima akutafute.

Msimamizi wangu wa kwanza alitaka sampuli. Mnalijua lile jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 ambalo tasnifu zetu hulala juu yake: watu 1,000, chukua 278. Nikamwambia, daktari, mimi nina watoto watano wenye usonji. Akasema ongeza shule. Nikiongeza shule napata nini? Walimu 278 wakinieleza maoni yao juu ya kadi ambazo hawajawahi kuzishika. Tulivutana mihula miwili, kisha akaacha kujibu simu. Chuo sikitaji. Mhadhiri aliyenipokea baadaye ndiye aliyenifungulia mlango. Alisema fani hii ina mila ndefu ya utafiti wa mtoto mmoja mmoja, kwa sababu watoto wetu ni wachache na hawafanani. Badala ya kupima watoto 300 mara moja, unampima mmoja mara 60, na yeye anakuwa kipimo chake mwenyewe.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifunza. Muundo unaofundishwa kwanza ni wa kuweka na kuondoa: unahesabu kabla, unaanzisha kadi, unaziondoa, unazirudisha. Tabia ikipanda na kushuka pamoja na kadi, umethibitisha. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuomba maji maishani mwake amejifunza kuomba, halafu wewe unakusanya kadi zake unazifungia kabatini wiki mbili ili grafu ipendeze? Sikuweza. Njia nyingine ni kuanzisha kwa zamu. Kadi zikaanza saa ya uji tu, na huku michezoni na chooni naendelea kuhesabu bila kufundisha. Wiki tatu baadaye nikaanza michezoni, mwisho chooni. Kama kila mahali panabadilika baada ya kadi kufika, na si kabla, ujue ni kadi. Na hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Kamati ya maadili ikauliza swali zuri kuliko yote: mama yake ametia sahihi, yeye mwenyewe amekubali vipi? Haongei, haandiki. Nikaandika kwamba akiondoka mezani mara mbili, kikao kimeisha hata kama fomu yangu ni tupu. Kuna siku 14 aliondoka. Ziko kwenye grafu hivyo hivyo, matundu.

Kadi za kwanza nilizichapisha saiba. Ya maji ilikuwa na glasi ndefu yenye mrija na kipande cha limau. Hesabu ya siku tano: sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri. Ile moja aliitafuna. Nikaenda kulalamika kwa mama msaidizi, akanitazama kama mjinga. "Mwalimu, huyu anakunywa na kikombe chake." Nikapiga picha kikombe chenyewe, chekundu, cha plastiki, kimemeguka ukingoni, nikabandika picha kwenye kipande cha katoni. Siku ya pili aliichukua, akanitafuta hadi mlangoni, akaniwekea kiganjani, akageuka kutazama tangi.

Kujigonga kulipungua sana saa ya uji, michezoni kidogo, chooni hakukubadilika. Nimeandika yote matatu.

Tasnifu ilipopita nilienda nyumbani kwao na kurasa mbili za Kiswahili na kibegi cha kadi. Mama yake akazisoma, akazipanga mezani moja moja, kisha akauliza: "Na ya kusema hataki iko wapi?" Wadau, haikuwepo. Nilimfundisha mtoto miezi minane kuomba, sikumfundisha kukataa. Wasimamizi wawili, jopo la utetezi, kamati ya maadili, hakuna aliyeliona.

Mama Baraka

Ulirudi. Na hiyo kadi ya "sitaki", ulitengeneza?

Mwalimu wa Yuniti

Siku ileile, mezani kwao. Alianza kunikatalia mimi uji.

Afisa wa Tathmini

Nafanya kazi kituo cha tathmini, si hapa Nairobi. Nimefurahia kisa cha madam, lakini hojaji zisitukanwe jumla jumla. Bila mtu wa kuhesabu ni watoto wangapi wanasubiri tathmini, ni shule ngapi hazina njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, nikienda kuomba bajeti naulizwa takwimu na sina. Grafu ya mtoto mmoja haininunulii gari la kwenda mashinani. Kasoro ninayoiona ni moja: wanahesabu maoni wakati wangeweza kuhesabu vitu. Ukipewa kibali, ingia chooni upime upana wa mlango kwa futi kamba. Usimuulize mwalimu mkuu kama mlango "unatosha kwa kiasi".

Mwalimu wa Yuniti

Hili nalikubali bila kuongeza. Futi kamba!

Kuhusu vibali mlivyouliza inboksi: pendekezo lipite kwanza, kisha maadili, kisha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, mtandaoni, uzamili nililipa 1,000. Ukikipata kibali usikimbilie shuleni, pitia ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti na ya kamishna wa kaunti. Panga yote kabla ya muhula wa tatu, maana huo ni mfupi na umejaa mitihani.

Kijana wa Githurai

Madam, nimesoma hadi hapa na pesa ya bodi bado haijaingia, kwa hiyo ada siilipi leo. Lakini umeuliza swali letu ni lipi.

Nina msichana wa miaka 14 mwenye ulemavu wa akili. Kwenye daftari, 50 toa 20, anaandika 70, au anaandika jina lake. Miezi minne sasa. Juzi nilipanda naye matatu kumrudisha kwao. Akampa kondakta noti ya 50, nauli ni 20, kondakta akamrudishia 20. Akabaki ameunyoosha mkono, hatikisiki, hadi kumi nyingine ikatoka. Mimi nilikuwa sijaona kama tumepunjwa. Ile hesabu aliifanya wapi, na kwa nini haiji darasani?

Mtu wa Takwimu

Huyu asikose ada jamani.

Mwalimu wa Yuniti

Liandike hivyo hivyo, na kondakta umwache ndani. Usiongeze "mambo yanayoathiri". Kesho mpe sarafu na noti za kweli badala ya daftari, hesabu kila siku anapata ngapi, usibadilishe kitu kingine. Fanya wiki mbili. Kisha nitumie ukurasa mmoja Jumamosi, tuone ni chuo kipi kina mtu wa kukusikiliza.

Mama Baraka

Na mama yake mwambie leo, usingoje fomu.